Tathmini ya adapta ya SOIC na TSSOP kwa ubao wa majaribio

Chipu nyingi za siku hizi hutolewa katika umbo la kulehemiwa juu ya bodi pekee. Anayetaka kuzijaribu kwenye ubao wa vitundu hukwama, kwa kuwa vitundu vimeachana kwa milimita 2.54, ilhali miguu ya chipu za umbo la SOIC imeachana kwa milimita 1.27, na ya zile za TSSOP, umbo lililobanana zaidi, kwa milimita 0.65. Adapta ninayoitathmini ni bodi ndogo yenye pedi (vipande vya shaba vya kulehemia miguu) za SOIC upande mmoja na za TSSOP upande wa pili.

Upande wa SOIC unaridhisha: pedi zake ni ndefu kuliko miguu ya chipu, hivyo ncha ya chuma cha kulehemia hupata pa kugusa. Upande wa TSSOP hudai fluksi (kemikali inayosaidia lehemu kushika) ya kutosha na subira. Shikiza mguu mmoja wa pembeni, hakikisha safu zote zimelingana, shikiza pembe ya mkabala, kisha buruta lehemu na kuondoa ziada kwa utepe wa shaba. Chipu ilehemiwe kwanza, pini za kuchomeka adapta kwenye ubao baadaye. Napendelea pini za mviringo zilizochongwa, maana zile nene za mraba hutanua vibanio vya ubao.

Kasoro kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kila kitu, ni kwamba adapta haina nafasi ya kapasita, kijenzi kinachohifadhi chaji, ya kutuliza umeme wa chipu. Kapasita ya nanofaradi 100 ikichomekwa mbali kwenye ubao, waya, vibanio na pini huongeza indaktansi (ukinzani dhidi ya mabadiliko ya mkondo) njiani, na chipu yenye kasi hukosa mkondo pale hasa inapouhitaji. Kikuza mawimbi huweza kuanza kutetema chenyewe, na kihesabio kuhesabu mapigo yasiyokuwepo. Katika chipu nyingi za mantiki zenye miguu 16, umeme huingia mguu wa 16 na ardhi huwa mguu wa 8, pembe mbili zinazokabiliana kimshazari, kwa hiyo inabidi kapasita ilazwe juu ya mgongo wa chipu na kuunganishwa kwa nyaya fupi. Mtengenezaji angeweza kutuondolea kazi hiyo kwa kuweka pedi mbili tu za ziada kando ya kila safu.

Kwa vihisi vya polepole na vikuza mawimbi vya kawaida, naipendekeza bila kusita. Kwa vidhibiti volteji vya kuwasha na kuzima kwa kasi, au chipu yenye pedi ya kupitishia joto tumboni, ni heri kuchora bodi maalumu tangu mwanzo.