SQL Error Log ya MariaDB: tathmini baada ya kuitumia dukani

Duka letu la vitabu vya shule huku Ngara, Nairobi, hupokea oda nyingi kupitia tovuti, na kati ya zana zote nilizowahi kuziweka kwenye seva, sijaona iliyotufaa kama SQL Error Log, programu-jalizi inayokuja na MariaDB, mfumo wetu wa hifadhidata, ambayo huandika kwenye faili kila amri iliyoleta kosa. Wateja walilalamika kwamba oda zao hazipiti, ilhali jedwali ambalo fundi wetu wa awali alilitengeneza ili lihifadhi taarifa za makosa lilikuwa tupu. Faili la makosa la seva yenyewe halikutusaidia pia, kwa kuwa huandika hasa habari za seva kuwaka, kuzima au kuanguka, na kosa la amri moja hurudishwa tu kwa programu iliyoituma.

Niliiwasha kwa amri moja, INSTALL SONAME 'sql_errlog', na asubuhi iliyofuata nikafungua faili la sql_errors.log. Mstari wa kwanza ulionyesha saa, mtumiaji wa hifadhidata, namba ya kosa, 1366, ujumbe uliotaja \xF0\x9F\x99\x8F, kisha amri nzima iliyokataliwa. Baiti hizo nne ni emoji ya viganja vilivyokutanishwa, ambayo mzazi mmoja aliiweka baada ya neno "asante" katika maelezo ya oda. Majedwali yetu yalitumia utf8 ya zamani, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi usiozidi baiti tatu kwa kila herufi, na jedwali la makosa lilikuwa vivyo hivyo: kila mara programu ilipojaribu kunakili humo amri iliyokataliwa, nakala nayo ilikataliwa kwa sababu ileile. Tuliyabadilisha majedwali yote kuwa utf8mb4, inayokubali hadi baiti nne kwa kila herufi, pamoja na muunganisho wa tovuti, na oda zikapita.

Ukubwa wa faili haunisumbui, kwani likifika baiti 1,000,000 huzungushwa lenyewe, na nakala 9 za zamani hubaki. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba amri huandikwa nzima, simu na anwani ya mteja zikiwemo, bila njia ya kuzificha, nasi tunawajibika kuzilinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa sababu hiyo nimelifungia faili hilo lisisomwe na yeyote ila msimamizi wa seva, na nakala zake hatuzitumi kwa barua pepe, hata fundi akiziomba.