Nimesoma upya Famous Five, vitabu vyote 21

Nakala yangu ya Five Go to Smuggler's Top, kitabu cha nne cha mfululizo huo wa hadithi za watoto, haikuwa na mwisho. Ilinifikia hivyohivyo, jalada limeshikizwa kwa gundi na kurasa kama kumi na tano za nyuma hazipo. Nilikuwa na miaka kumi. Hadithi ilinikatikia pale ambapo Quentin, yule mwanasayansi mkali asiyetaka kelele, ameshatekwa usiku pamoja na mvulana aitwaye Sooty na kupitishwa kwenye njia za chini kwa chini, na nyumbani hakuna ajuaye waliko. Nikautunga mwisho mwenyewe: Sooty anaokolewa, Quentin anabaki hukohuko chini. Sikuona ubaya wowote. Mtu aliyemkataza bintiye kufuga mbwa, akamfokea kila siku ya likizo, wa nini kumtafuta?

Mwaka huu nimerudi kwenye vitabu hivyo nikiwa mtu mzima, na safari hii nimevisoma vyote 21 kwa mpangilio, kuanzia Five on a Treasure Island cha 1942 hadi Five Are Together Again cha 1963. Utotoni nilisoma tisa tu, kila kimoja kilipopatikana, cha kumi na mbili kabla ya cha pili, na kimoja mara nne kwa sababu hakukuwa na kingine. Sasa nimetumia majuma saba hivi. Vichache nimevishika kwa karatasi, vingi nimevisoma kwenye simu usiku, taa imezimwa. Naandika kwa ajili ya yule anayejiuliza kama ni busara kurudi, au ni heri kuyaacha mapenzi ya utotoni yalale yalipolala.

Kwa asiyevijua: mwandishi ni Enid Blyton, Mwingereza aliyezaliwa 1897 na kufariki 1968. Wahusika ni watoto wanne na mbwa mmoja. Julian, Dick na Anne ni ndugu wa tumbo moja. George ni msichana ambaye jina lake halisi ni Georgina, lakini ukimwita hivyo haitiki. Mbwa ni Timmy. Shule ikifungwa wanakutana, mara nyingi kwa wazazi wa George huko Kirrin, kando ya bahari. Hapo pana kisiwa chenye magofu ya ngome, na watu wabaya hawakosi.

Wanaosimulia kwa Kiswahili humwita George binamu yao, nami nilifanya hivyo miaka yote. Safari hii nimegundua kwamba sentensi moja ya sura ya kwanza ilikuwa imenipita: Quentin, baba wa George, ni ndugu wa baba yao. Basi ni ami yao, na George si binamu, ni dada yao. Nilipoanza kusoma hivyo kitabu kilibadilika. Mwanzoni watatu wale wanamkuta msichana wa ajabu asiyetaka kucheza nao, na msomaji wa Kiingereza anaona wageni wanaojaribu kuzoeana. Mimi niliona watoto wa baba wawili ambao wazazi wao hawakuwahi kuwakutanisha. Watatu hao walikuwa wamemwona ami yao mara moja tu maishani, na walimwogopa. Huzuni hiyo sikuiona nikiwa na miaka kumi.

Kama mchezo wa kusisimua, kitabu cha kwanza bado kinakimbia. Nilikianza nikisema nisome sura mbili, nikakifunga saa nane usiku. Dhoruba inaibua meli iliyozama, ndani yake kuna sanduku, ndani ya sanduku kuna ramani, na hapo ndipo mtu mzima anayejifanya mwema anapotaka kukinunua kisiwa. Blyton alieleza katika barua zake kwamba hakuwa akipanga hadithi. Alikaa na taipureta, akaiona hadithi kichwani kama sinema, akaandika anachokiona. Katika vitabu vizuri unaihisi hali hiyo: hakuna anayesita. Katika vitabu vibaya unaihisi pia, kwa maana sinema yenyewe inaanza kurudia picha. Nilipofika cha kumi nilikuwa nimeacha kuhesabu njia za siri. Ukiona ukuta wa mbao, bonyeza. Ukiona kisima, shuka.

Yaliyonishika zaidi ni mambo madogo. George hapokei aiskrimu za wenzake, kwa sababu hela zake zote humpa mvulana wa mvuvi anayemtunzia Timmy kwa siri, na anaona si haki kula cha watu asichoweza kurudisha. Baadaye, akiwa mikononi mwa wahalifu, analazimishwa kuandika barua ya kuwavuta Dick na Anne mtegoni. Anaandika kama alivyoamriwa, ila mwishoni anatia sahihi ya Georgina. Dick anashtuka palepale. Ni ujanja mwepesi kabisa, lakini umeandaliwa tangu sura za mwanzo, na nikiwa na umri huu nilipiga paja kwa furaha.

Nirudi kwa Quentin, maana ndiye aliyenifanya niandike haya yote.

Katika sura hiyohiyo ya kwanza, baba wa watoto anataja jambo la kupita tu: mambo ya Quentin si mazuri, na mkewe, Fanny, angefurahi kupata watu wa kukaa nyumbani kwao ili fedha kidogo iingie. Yaani watoto wale hawakualikwa kwa upendo. Walipelekwa kama wapangaji. Nyumba ina mtu anayefanya kazi ya akili isiyolipa, amejifungia chumbani, na nje ya mlango watoto wanne wanashuka ngazi kama ng'ombe. Mwishoni, dhahabu ikishapatikana, anamwambia bintiye wazi kwamba miaka yote alitamani kumpa yeye na mama yake vitu wanavyostahili, alifanya kazi kwa bidii, na kazi yake si ya kuleta hela nyingi, ndiyo maana amekuwa mtu wa hasira. Ukurasa huo niliwahi kuusoma. Naukumbuka mwanga wa dirishani nilipokuwa nikiusoma. Maneno hayo siyakumbuki hata kidogo. Bila shaka niliyaruka nikitafuta habari za Timmy.

Mimi nami nafanya kazi nyumbani. Nina mlango na nina watoto, na sauti ninayoitoa mlango ukigongwa mara ya tatu naijua. Nilipofika kitabu cha pili, Five Go Adventuring Again cha 1943, nilisoma kwa shida. Humo Quentin anamwamini mwalimu wa nyumbani, Bwana Roland, kuliko anavyomwamini bintiye. Timmy anafukuzwa alale nje kwenye baridi, George anaadhibiwa, na ni yeye aliyekuwa sahihi kuhusu mwalimu huyo tangu siku ya kwanza. Dhahabu ya kitabu kilichotangulia haikumponya baba mtu. Blyton huenda alihitaji tu mkali wa kuzuia watoto, lakini alichokiandika ni kweli: hela imekuja, hasira imebaki kwa mazoea.

Basi nilikingoja kitabu cha nne kwa hamu isiyo ya kawaida. Smuggler's Top ni nyumba ya kale juu ya kilima kilichozungukwa na kinamasi, kuta zake zina njia za ndani, na mtumishi wake, Block, anajifanya kiziwi. Watoto wanapelekwa huko baada ya mti kuangukia paa la nyumba yao. Quentin anakuja kujadili mpango wa kukikausha kinamasi, jambo lisilompendeza hata kidogo mfanya magendo wa mji ule. Nikafika pale nakala yangu ilipokuwa ikiishia, nikapindua ukurasa kwa kidole kwenye simu, na kwa mara ya kwanza niliuona mwisho wenyewe. Timmy, ambaye kwa kitabu karibu kizima amefichwa kwenye njia zile kwa sababu mwenye nyumba hapendi mbwa, ndiye anayemfikia Quentin huko chini. Mbwa aliyekatazwa nyumbani ndiye anayemtoa gizani aliyemkataza. Nilishusha pumzi kama mtu aliyepokea simu nzuri kutoka hospitali. Nilikuwa nimemwacha mzee wa watu huko chini miaka yote hiyo.

Sasa mabaya, nayo yapo.

Ukienda kwa upole utasema vitabu ni vya wakati wake. Mimi nilipita sehemu fulani nikiwa nimekunja uso. Katika Five Fall into Adventure cha 1950 anatokea Jo, msichana fukara wa jamii ya watu wanaohamahama, anayefanana na George kiasi cha kudhaniwa ni yeye. Wote wawili wana nywele fupi, vichwa vigumu na midomo mikali. Kwa George hayo yanaitwa ushujaa. Kwa Jo yanaitwa kukosa malezi, na dawa yake ni kuogeshwa. Jo ndiye anayefanya kazi ngumu zaidi katika kitabu kile, na mwishoni anapangiwa kwenda kuishi kwa ndugu wa mpishi. Blyton aliwaweka wasichana wawili wa sura moja ukurasa mmoja na hakuona alichokifanya. Au aliona, siwezi kumhukumu. Wageni, wenye majina yasiyo ya Kiingereza na wenye ngozi iliyokolea kidogo hushukiwa kwanza, na mara nyingi mno shaka inakuwa kweli.

Kuhusu Anne nilitegemea kukasirika, na nilikasirika, ila si nilivyotarajia. Ni kweli anaachiwa vyombo na matandiko akiwa na miaka kumi, huku kaka zake wakichunguza nyayo. Lakini katika Five Run Away Together cha 1944, wanapotorokea kisiwani na kuhamia pangoni, sura ninayoipenda kuliko zote sasa ni ile ya Anne akipanga makopo kwenye rafu za mwamba na kutandika vitanda vya majani. Anaipanga kama mtu aliyepata nyumba yake ya kwanza. Utotoni niliziruka kurasa hizo. Sasa wahalifu ndio ninaowaruka.

Jambo moja la kuchekesha. Miaka yote niliamini kwamba maneno "lashings of ginger beer", yaani soda ya tangawizi tele, yamo humu. Watu huyanukuu kila vitabu hivi vinapotajwa. Nimemaliza vyote na sikuyakuta. Yalitoka kwenye kipindi cha televisheni cha 1982 kilichowadhihaki, Five Go Mad in Dorset. Soda ya tangawizi imo, tena nyingi. Ila kumbukumbu yangu niliazimwa na wacheshi.

Kama utanunua au kuazima, angalia chapa. Mwaka 2010 mchapishaji alitoa matoleo ambayo Kiingereza chake kimepigwa msasa ili kiende na watoto wa leo. Mother na Father wakawa Mum na Dad, sare za shule zikapewa jina jipya. Wasomaji hawakuyapenda, na 2016 akatangaza kurudi kwenye maandishi ya zamani. Nilionja sura kadhaa za toleo lile: hadithi ni ileile, lakini watoto wa miaka ya 1940 wanaosema kama wa jana wananikera kuliko maneno magumu. Mimi Kiingereza changu nusu nilikipata humu, kamusi ikiwa mapajani, na maneno yaliyonishinda ndiyo niliyoyakumbuka. Tafuta maandishi ya zamani, tena yenye michoro ya Eileen Soper ukibahatika. Miguu ya watoto wake myembamba imebaki kichwani mwangu kuliko sinema yoyote.

Huna haja ya kusoma vyote 21. Blyton mwenyewe alikusudia viwe sita, na mauzo ndiyo yaliyomsukuma kuendelea. Msomaji mzima ataiona alama ya pale alipopaswa kusimama. Vinne vya kwanza ni vitamu. Cha sita, Five on Kirrin Island Again cha 1947, kina Quentin tena, safari hii akiwa amejenga mnara kisiwani kwa George, na ugomvi wa baba na binti kuhusu kisiwa hicho ni wa kweli kabisa. Ongeza kile chenye Jo, ukisome ukiwa na hasira zako karibu. Kuanzia cha kumi na tano nilikuwa nasoma kwa ajili ya kumaliza tu, na cha mwisho nilikimaliza kwa heshima, kama mtu anayekaa hadi mwisho wa hotuba. Halafu kuna hesabu: likizo ishirini na moja, Julian akiwa na miaka kumi na miwili mwanzoni. Kwa likizo tatu kwa mwaka, mwishoni ni kijana wa kumi na tisa anayeomba ruhusa ya kulala kwenye hema.

Ukinitaka nitoe alama, kama vitabu kwa mtu mzima navipa tatu kati ya tano. Kitabu cha kwanza na cha nne, tano.

Binti yangu wa kwanza ana miaka kumi. Wiki iliyopita aliniuliza nilikuwa nacheka nini kwenye simu usiku, nikaenda kwenye sanduku nikamtolea ile nakala yangu ya Smuggler's Top, jalada la gundi na yote. Jana alikuwa amefika kwenye kinamasi. Sijamwambia kwamba kurasa za nyuma hazipo. Nimeanza kazi asubuhi hii nikiwa nimeuacha mlango wazi kidogo.