Darasa la Awali la Serikali, Mtwara na Lindi: Ada Hakuna, Adhuhuri Mtoto Yuko Nyumbani

Mtoto akitimiza miaka 5, mwandikishe. Huo ndio uamuzi wetu kuhusu darasa la awali la shule za msingi za serikali katika mikoa hii miwili, darasa ambalo wengi bado wanaliita la vidudu. Ni huduma inayostahili kutumiwa na kila mzazi, wa Shangani mjini Mtwara na wa Tandahimba vijijini. Lakini kuna mambo matatu ambayo fedha za umma hazijayafikia vizuri: kikombe cha uji, maji, na saa za mchana ambazo mama bado yuko kazini. Mzazi anayeyajua mapema hupata darasa zuri kuliko anayemkabidhi mtoto getini na kuondoka.

Tuanze na kinacholipiwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na ada zikaondolewa kuanzia Januari 2016. Toleo la 2023 la sera hiyo limeuacha mwaka huo palepale: mtoto wa miaka 5 awali, wa miaka 6 darasa la kwanza. Mshahara wa mwalimu, jengo na vitabu ni juu ya serikali. Sare, madaftari, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi, na hilo limeandikwa wazi katika Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeitisha kikao cha uji hajavunja agizo la elimu bila ada. Anayelivunja ni yule anayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Michango ni ya hiari, na mtoto haondolewi darasani kwa ajili yake.

Ruzuku ya uendeshaji inahitaji maelezo zaidi, maana wazazi wengi hudhani shule ina fedha nyingi kuliko ilizo nazo. Kiwango cha shule za msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu: 6,000 kwa mwaka ni 500 kwa mwezi. Watoto 60 ni shilingi 30,000 kwa mwezi, za chaki, ukarabati, karatasi na michezo. Kiwango hicho ni cha tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa mwaka 2002, wakati shilingi 10,000 zilikaribia dola 10 za Marekani. Leo ni kama dola 4. Shule yenye mwalimu mkuu hodari na shule yenye mzembe zote zinaanzia kwenye kapu hilohilo dogo, na hapa ndipo tunaposema bila kuficha kwamba kiwango kinapaswa kupandishwa. Darasa la awali linakula vifaa kuliko darasa la nne: udongo, rangi, kamba, mikeka, picha, vitu vinavyochanika na kupotea kila wiki.

Ukienda kuliangalia darasa, usianze na ukuta uliochorwa vizuri. Hesabu watoto. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Idadi ikizidi sana hapo, uliza kama kuna msaidizi au kama watoto wanagawanywa makundi mawili kwa zamu. Kisha angalia sakafu: kuna mikeka na nafasi ya kucheza, au madawati ya wakubwa ambayo miguu ya mtoto inaning'inia hewani? Kona za kujifunzia ziwe na vitu ambavyo mtoto anaruhusiwa kuvishika. Vikining'inizwa juu ya kichwa cha mwalimu ni mapambo. Vifuniko vya soda, vijiti, kokoto zilizooshwa na vifuu vya nazi vinatosha kabisa kufundishia kuhesabu. Korosho ghafi zisitumike, hata kama zimejaa uani. Ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, na mtoto wa miaka 5 kila anachokishika kinaishia mdomoni.

Jambo la lugha halisemwi vya kutosha. Lugha ya kufundishia awali ni Kiswahili, na kwa mtoto wa Mtwara mjini au Mikindani hapo hakuna tatizo. Lakini Newala vijijini kuna watoto wanaoingia darasani na Kimakonde, Ruangwa na Kimwera, Masasi na Kimakua au Kiyao. Mwalimu aliyetoka mbali anaweza kumwona mtoto mzito kumbe mtoto hajaelewa swali. Lindi iliwahi kuwa na dawa ya tatizo hili. Ilikuwa miongoni mwa mikoa ya EQUIP-T, mpango uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014, ambao chini yake vijana wa kijijini waliandaliwa kuwa walimu wa jamii na kuwaandaa watoto kwa shule kwa wiki 12, baadaye 16, kwa hadithi, nyimbo na michezo. Kijana wa kijiji anaijua lugha ya nyumbani na anamjua mama wa mtoto. Mfadhili alipomaliza muda wake, mpango uliofuata, Shule Bora, ulipangiwa mikoa tisa, na Lindi haimo. Utaratibu mzuri namna hii haukupaswa kutegemea mfuko wa mgeni. Posho ya kijana mmoja kwa wiki 16 si mzigo ambao halmashauri inayokusanya ushuru wa korosho inashindwa kuubeba.

Sasa uji, maana hapa ndipo darasa linapofaulu au kufeli. Mtoto aliyetoka nyumbani saa 12 asubuhi bila kitu tumboni, ikifika saa 4 hasikii tena wimbo wala hesabu. Kiasi kinachofaa ni gramu 50 za unga mkavu kwa mtoto kwa siku: gramu 40 za mahindi na 10 za karanga zilizokaangwa na kusagwa, pamoja na gramu 10 za sukari na maji kama mililita 400. Kwa watoto 60 ni kilo 2.4 za unga wa mahindi, gramu 600 za karanga, gramu 600 za sukari na lita 24 za maji. Kwa siku 20 za shule katika mwezi, mtoto mmoja anahitaji gramu 800 za unga, gramu 200 za karanga na gramu 200 za sukari. Kwa miezi 10 ni kilo 8, kilo 2 na kilo 2. Familia nyingi zinazovuna korosho zinaweza kulimudu hilo endapo litaombwa kwa wakati wake.

Na wakati wake si Januari. Fedha za minada ya korosho huingia mikononi kati ya Oktoba na Desemba. Shule inayokusanya mchango wa mwaka mzima mwezi Novemba, kwa vitu au kwa fedha, hupika hadi mwisho wa mwaka unaofuata. Inayodai mwezi hadi mwezi huanza kupungukiwa kati ya Februari na Aprili, wakati ghala la nyumbani liko tupu na mahindi mapya bado yako shambani. Hapo hutokea kosa lililozoeleka: unga uliochangwa na watoto 40 unapikiwa watoto 60 kwa kuongezwa maji. Sufuria inaonekana imejaa na kila mtoto amepata kikombe, lakini tumbo limejaa maji. Ni afadhali kupika siku tatu kwa wiki uji wa kushiba kuliko siku tano uji wa kunywesha. Kosa la pili ni kumsahau mpishi. Kamati huchangisha unga na sukari, haimtengei mpishi chochote wala haipangi zamu ya kuni, na baada ya mwezi jiko limelala. La tatu ni karanga zenye ukungu. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu itupwe, isichanganywe na nzuri kwa kuhurumia gharama, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa.

Maji yanategemea shule iko wapi. Mjini kuna bomba, angalau kwa siku kadhaa. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, shule nyingi huishi kwa maji ya mvua. Paa la darasa moja la mita 8 kwa 7 hujaza tenki la lita 5,000 kwa mvua ya milimita 110 hivi, hata ukitoa yanayopotea. Hadi Aprili hakuna shida. Lakini watoto 60 wakitumia lita 2 kila mmoja kunawa na kunywa, ukiongeza uji na kuosha vikombe, ni lita 150 kwa siku, na tenki lililojaa mwanzoni mwa Mei linakauka katikati ya Juni. Tenki moja halivuki kiangazi. Shule ambazo zimeweka vibuyu chirizi mlangoni mwa choo hutumia maji kidogo sana kwa kunawa, kwa hiyo ukiviona vimejazwa na sabuni ipo, jua kuna mtu anajali. Choo chenyewe kihesabu: tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25 ndicho kiwango. Watoto wa awali wawe na matundu yao madogo. Tundu la mtu mzima linamtisha mtoto, naye ataishia kichakani nyuma ya darasa.

Udhaifu mkubwa kuliko yote ni saa. Darasa huisha kabla ya adhuhuri. Mama anayeuza samaki Feri, anayebangua korosho kiwandani au anayeokota shambani tangu alfajiri bado ana nusu siku mbele yake. Mtoto anaachiwa dada yake wa miaka 10, ambaye naye anakosa shule msimu mzima wa korosho. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 hali ni ngumu zaidi, maana huduma ya umma anayoikuta mara nyingi ni kliniki tu. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile ya 2021/22 hadi 2025/26, inawahesabu watoto wote tangu kuzaliwa hadi miaka 8, lakini mama wa Kilwa Masoko au Nanyamba bado hana pa kumwacha wa miaka 2.

Pengo hilo linazibwa na vituo vya watu binafsi vya kulelea watoto mchana. Vizuri vipo, hukaa na mtoto hadi jioni na kumlaza mchana. Kabla ya kulipa, omba kuona cheti cha usajili. Kituo cha kulea husajiliwa chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na maombi hupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Leseni ya biashara peke yake haitoshi. Ogopa kituo kinachojisifu kwamba mtoto wa miaka 3 anaandika. Umri huo ni wa kucheza, kuimba na kulala. Kikundi cha wanawake kinachotaka kufungua kituo mtaani kinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka kwenye fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Mchanganuo ueleze idadi ya watoto, walezi, chakula na choo. Maombi yanayosema "biashara ya chekechea" bila hesabu hukwama mezani.

Kwa upande wa shule, fedha zinaombwa kwa mpangilio. Mapato na matumizi ya shule yanapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Yasipokuwepo, yaulizwe katika mkutano wa wazazi, kwa adabu na kwa tarehe. Mahitaji makubwa kama tenki, choo cha watoto au posho ya mlezi wa mchana yanapita mkutano wa kijiji au mtaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani. Hoja iende na namba. Ushuru wa korosho unaolipwa na mnunuzi ni asilimia 3, kwa hiyo tani 1 iliyouzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo inaiachia halmashauri 90,000. Kijiji kinachojua tani zake zilizouzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika kinajua pia kimeingiza kiasi gani, na kinaweza kumwomba diwani wake sehemu ya fedha hizo irudi darasa la awali. Ombi lipelekwe Oktoba au Novemba, wakati vijiji vinaibua vipaumbele. Likifika Machi, madiwani wameshapitisha bajeti.