Hedi ya chuma au ya alumini? Mwongozo wa anayetaka kutia turbo Nairobi

Sufuria ikisahauliwa jikoni hadi ikakauka, tako lake hutokeza, na tangu siku hiyo ukiiweka mezani inacheza. Kikaango kizito cha chuma cha kusubu hakipindi hivyo, lakini kimwagie maji baridi kikiwa moto uone kitakavyopasuka. Tofauti ya silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini chenye valvu, ikiwa ya alumini au ya chuma, ni hiyohiyo. Turbo, inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, inaongeza moto tu.

Wamarekani wenye V8 za Chevrolet hubishana kuhusu jambo hili kwa sababu wao wanaweza kununua hedi ya chuma au ya alumini kwa injini ileile, na zile mbili za alumini huipunguzia injini kilo 20 hivi. Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri ambao wengi bado tunauita Grogan, hutapata chaguo la namna hiyo. Hapa hedi inafuata injini. Ukichukua 1JZ-GTE ya Toyota umechukua hedi ya alumini juu ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya chuma. EJ20 ya Subaru ni alumini juu na chini. TD42 ya Nissan Patrol na 4JB1 ya Isuzu ni chuma kitupu. Kinachobaki kwako ni kuchagua hedi imetoka wapi na imewahi kuchemshwa kiasi gani. Mimi nazipanga hivi.

1. Alumini ya kiwandani, iliyotumika, kutoka Japani (injini za petroli)

Kwa petroli yenye turbo sina mjadala. Alumini hupitisha joto karibu mara tatu ya chuma cha kusubu, hivyo chumba cha moto hakibaki na sehemu zinazowasha petroli kabla ya wakati. Injini ya turbo ikianza kugonga kwa petroli kuwaka hivyo, pistoni ndizo hulipa. Hedi ya mtumba iliyotengenezwa na kiwanda chenyewe, ikiwa nzima, naipenda kuliko mpya isiyo na asili.

Ubaya wake ni kupinda. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo juu ya bloku ya chuma hedi hujisugua kwenye gasketi, kile kizibo chembamba kati yake na bloku, kila injini inapopata moto na kupoa. Ndiyo maana ukitia turbo weka gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, na uso wa hedi na wa bloku uwe laini sana, la sivyo gasketi hiyo haitashika.

2. Chuma, kwa dizeli ya kazi

Pickup inayobeba mawe Kitengela au Patrol ya safari za Turkana: hapo chuma kinakuja mbele. Dizeli haiogopi kugonga kama petroli, na hedi ya chuma ni ngumu, haipindi ovyo presha ikipanda. Uzito wake usikusumbue, gari lenyewe ni zito.

Ila chuma hakikuonyi. Hupata ufa mwembamba katikati ya valvu mbili, na ufa huo huonekana tu hedi ikisafishwa na kupimwa. Kuuchomelea si kazi ya kila fundi: hedi nzima lazima ipashwe moto kwanza, kisha ipozwe polepole, vinginevyo ufa mwingine unazaliwa kando ya ule wa kwanza. Kwa hiyo hedi ya chuma yenye ufa mimi huihesabu kuwa chuma chakavu, hata muuzaji akiapa.

3. Alumini mpya isiyo ya kiwanda asili

Nafasi ya tatu kwa jumla, lakini kwa dizeli zenye hedi ya alumini kama 1KZ-TE ya Prado na Surf, au 4D56 ya Mitsubishi, naipandisha hadi ya kwanza. Hedi za injini hizo zinajulikana kwa kupasuka, na ya mtumba huenda ilitolewa kwenye gari kwa sababu hiyohiyo. Uliza kama ni tupu au kamili. Hedi tupu huonekana ya bei rahisi mpaka ujumlishe valvu, springi, kemshafti (mhimili unaofungua valvu) na malipo ya kuipanga.

4. Alumini iliyochomelewa

Hii niliinunua mwenyewe, siku nilipokuwa na haraka. Ilikuwa imepakwa rangi ya fedha inang'aa. Nikaipeleka karakana moja Kariobangi Light Industries baada ya kulipa, na hapo ndipo kosa lilipo. Fundi aliziba njia za maji kwa vibamba na mipira, akatia upepo, akaizamisha kwenye tangi la maji ya moto. Tukasubiri. Vikaja viputo vidogo, kimoja kimoja, karibu na siti ya valvu ya silinda ya tatu. Akakwaruza rangi kwa ncha ya bisibisi: chini yake kulikuwa na gundi ya chuma.

Kuchomelea kwa argoni kunawezekana na kuna watu wanakuweza. Lakini moto ule hulainisha alumini iliyokuwa imekazwa kiwandani, na sehemu laini chini ya bolti hubonyea. Kwa gari la kwenda ofisini, sawa. Kwa turbo, hapana.

Unapokagua, weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu na kwa mshazari, kisha pitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, chini yake. Injini nyingi hazikubali zaidi ya milimita 0.10. Pima pia unene wa hedi, kwa sababu kila ikiskimiwa, yaani uso wake ukichongwa kunyooshwa, chumba cha moto hupungua na mgandamizo hupanda, jambo usilolitaka kabisa ukiwa na turbo. Halafu zungusha kemshafti kwa mkono. Hedi iliyopinda kisha ikaskimiwa chini tu bado imepinda juu, na kemshafti itakwama.

Tenga pesa za bolti mpya na za kifuniko cha rejeta. Kwa urefu wa Nairobi, mita 1,700 hivi, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 au hapo karibu. Kifuniko kikivuja umebaki na nafasi ndogo sana juu ya joto la kawaida la injini. Tia pia kulanti, dawa ya kupozea injini, si maji ya mfereji, kwa kuwa alumini huliwa na kutu yake polepole kutoka ndani.

Tena kuna hili la Mombasa Road. Turbo inayodhibitiwa presha kwa springi ya kawaida huongeza presha juu ya hewa iliyopo, na hewa ya Voi, iliyo chini zaidi, ni nzito kuliko ya hapa. Injini iliyopimwa na kurekebishwa Nairobi itameza hewa zaidi huko chini, kukiwa na joto zaidi. Mwambie anayeirekebisha kwamba utashuka pwani, akuachie nafasi.

Na kabla ya kulipa, omba hedi ipelekwe kupimwa kwa presha, gharama ya kupima iwe yako. Muuzaji akikataa, muage vizuri, nenda duka linalofuata.