Nimesoma riwaya za binti yangu, nimekutana na wazazi

Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na tangu likizo ya Desemba anasoma hadi saa sita usiku kwa mwanga wa simu. Kusoma sikumkataza. Kilichonikosesha raha ni kutojua anasoma nini. Alipokuwa shuleni nilichukua kitabu kimoja chini ya mto wake, na jioni nikamwambia ukweli kwamba nimekichukua. Akafurahi kuliko nilivyotegemea. "Mama, hicho ni cha pili. Anza na hiki hapa." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenipangia zamu.

Nimemaliza sita. Vyote ni vya Kiingereza na vyote ni vya mtumba, tulivinunua mjini Arusha kati ya shilingi 5,000 na 8,000. Kimoja kilikuwa na kasoro ambayo nitaieleza. Nitataja mambo yanayotokea mwishoni, kwa hiyo anayetaka kusoma mwenyewe asome kwanza, kisha arudi.

Nilijiandaa kukutana na mapenzi ya utotoni. Yapo, na mengine yamenichosha. Ambacho sikukitegemea ni wazazi. Binti yangu anaposimulia vitabu hivi, wazazi hawatajwi kabisa, kana kwamba ni samani za nyumba. Mimi nilikuwa nawaona wao kila ukurasa.

Tulianza na The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008, na mbili zilizofuata. Katika nchi iitwayo Panem kila wilaya, nazo ni 12, hutoa mvulana na msichana wa kati ya miaka 12 na 18, wakaenda kuuana mbele ya kamera hadi abaki mmoja. Nilidhani nitashindwa kwa sababu ya damu. Kilichonishika ni chakula. Familia yenye njaa inaruhusiwa kupata nafaka na mafuta kidogo ya mwaka kwa mtu mmoja, ila mtoto aongeze jina lake mara moja zaidi kwenye kapu la bahati nasibu. Katniss, msichana mhusika mkuu, alianza kufanya hivyo akiwa na miaka 12, kwa ajili yake, mama yake na mdogo wake Prim, na majina hayafutwi, yanalimbikizwa mwaka hadi mwaka. Anapofika miaka 16 jina lake limo mara 20. La Prim limo mara moja tu, kwa kuwa dada yake alimkatalia kuchukua hata punje. Na bado karatasi inayotoka kapuni ni ya Prim. Hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje nikasimama kwanza.

Baba yao alifia mgodini wa makaa ya mawe Katniss akiwa na miaka 11. Baada ya msiba mama yao, mwanamke anayejua dawa za mitishamba na anayetibu watu, alikaa kitini akaacha kuongea, akaacha kupika, watoto wakakonda mbele ya macho yake. Katniss hakumsamehe. Binti yangu naye hajamsamehe. Mimi ni kifungua mimba, na baba yetu alipofariki nilikuwa darasa la sita. Mama yetu aliendelea kupika, lakini kwa miezi mingi alikuwa anapika bila kututazama, na mimi ndiye niliyekuwa nawaosha wadogo zangu miguu jioni na kuwalaza. Nilimkasirikia mama hadi nilipokuwa mtu mzima na watoto wangu. Kwa hiyo nilisoma sura hizo nikiwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na namshukuru mwandishi kwa kutomfanya yule mama kuwa mtu mbaya.

Rue, mtoto wa miaka 12 kutoka Wilaya ya 11, anauawa, na kila msomaji atawaambia alilia. Nami nililia. Ila kinachonirudia ni mkate. Katniss, aliyejitolea kwenda badala ya mdogo wake, anaufunika mwili wa Rue kwa maua, na watu wa wilaya ya yule mtoto, maskini wasio na kitu, wanachangishana kumpelekea mkate msichana wa wilaya nyingine. Huo ndio msiba kama tunavyoujua sisi, mtu anakuja na alichonacho.

Sasa ile kasoro. Nakala yetu ya kitabu cha tatu, Mockingjay, ilikuwa imekatika kurasa za mwisho, na muuzaji hakutuambia. Binti yangu alikuwa amezisoma kwenye nakala ya rafiki yake, kwa hiyo mwisho nilisimuliwa jikoni huku tukichambua mchele.

"Prim amekufa, hilo unalijua. Katniss anarudishwa Wilaya ya 12. Mama yake harudi."

"Harudi? Anakwenda wapi?"

"Wilaya ya 4, kuanzisha hospitali. Hawezi kukaa pale, kila kitu kinamkumbusha."

"Na mtoto wake akae na nani?"

"Na Haymitch."

"Yule mlevi?"

"Na bibi muuza supu, anakuja kumpikia."

Nilikasirika kweli. Niliweka ungo chini. Mwanangu akanisimulia barua na simu zao, wanapigiana na kulia pamoja, akasema labda huo ndio ujasiri uliobaki kwa yule mama. Sijakubaliana naye mpaka leo, lakini nimelifikiria jibu lake mara nyingi.

Kuhusu Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005, sina mengi. Inasomeka haraka na mvua ya mji wa Forks utaisikia mwilini. Lakini Edward, mnyonya damu asiyezeeka, amekuwa na umri wa miaka 17 tangu 1918, anaingia usiku chumbani kwa Bella, msichana anayempenda, na kumtazama akiwa amelala bila yeye kujua, na kitabu kinataka tuone huo ni upendo. Nilimwambia binti yangu waziwazi kwamba mwanamume anayefanya hivyo anaogopesha. Niliyemhurumia ni baba yake Bella, Charlie, mkuu wa polisi wa mji mzima, ambaye usiku mmoja anachomoa nyaya za betri ya gari ili mtoto asitoroke. Hajui kuwa hatari haihitaji gari.

The Fault in Our Stars ya John Green, ya 2012, niliichukua kwa hofu, maana nyumbani kwetu saratani si jambo la vitabuni. Jina lake limetoka kwenye tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, akairekebisha ikatoka tena 1969 kama Juliasi Kaizari. Baba aliihifadhi kabatini, na binti yangu alishangaa nilipomwonyesha maneno ya Cassius kwa Brutus kwa Kiswahili.

Hazel ana miaka 16, ana saratani ya tezi ya shingoni iliyosambaa mapafuni, anavuta mtungi wa oksijeni kila aendako. Yeye na Augustus wanaongea kama wahadhiri wa falsafa, na hilo lilinitoa kwenye hadithi mara kadhaa. Sikupenda pia wanapobusiana ndani ya nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam na watalii wakawapigia makofi. Anne, mtoto wa Kiyahudi aliyejificha pale wakati wa vita, alikufa kwenye kambi ya Wanazi akiwa na miaka 15. Nyumba hiyo inadai ukimya.

Lakini mama yake Hazel! Akiwa mahututi hospitalini, Hazel alimsikia mama yake akilia kwamba hatakuwa mama tena. Mtoto akalibeba neno hilo miaka yote bila kumwambia. Mwishoni linatoka katikati ya ugomvi, na mama anakiri kuwa amekuwa akisoma shahada ya ustawi wa jamii kwa siri, akiona aibu, asije mtoto akadhani anajipanga kuishi bila yeye. Hazel anafurahi. Kurasa hizo chache nazithamini kuliko mapenzi yote ya kitabu. Nimekaa wodini na mtu ninayempenda, najua jinsi unavyoweza kuona hatia hata kwa kula ukashiba.

Cha mwisho ndicho nilichokipenda kuliko vyote, The Hate U Give ya Angie Thomas, mwandishi wa Jackson, Mississippi, kilichotoka 2017. Kiingereza chake ni cha mtaani kwa Wamarekani weusi, si kile tulichofundishwa shuleni, kwa hiyo sura tatu za kwanza nilisoma polepole. Starr, miaka 16, yuko garini na rafiki yake Khalil. Polisi anawasimamisha. Khalil anafungua mlango kumuuliza Starr kama yuko salama, anapigwa risasi. Kilichodhaniwa kuwa bunduki kilikuwa brashi ya nywele.

Starr alijua afanye nini kwa sababu wazazi wake walimkalisha chini akiwa na miaka 12 wakampa mafunzo mawili. La kwanza ni la mwili na wavulana. La pili ni la polisi: mikono ionekane, usijiguseguse ghafla, usiongee mpaka uulizwe. Baba yake, Maverick, amewahi kuwa kwenye genge, amekaa gerezani miaka mitatu, sasa ana duka la vyakula, na watoto wake amewakaririsha madai kumi ya Black Panther, chama cha Wamarekani weusi waliodai haki zao. Sisi wa Arumeru jina hilo si geni. Pete O'Neal, aliyeanzisha tawi la Black Panther kule Kansas City, aliingia Tanzania mwaka 1972, na makazi yake yako Imbaseni, safari fupi kutoka kwetu. Nimepita pale mara nyingi nikiwa mtoto, nikiona picha za ukutani bila kujua watu hao walikuwa wanadai nini. Nimekuja kulielewa duka la Maverick na ule ukuta kwa pamoja, nikiwa na miaka 38.

Maverick anakosea, anafoka, ana wivu. Lakini hakuna mahali anapomdanganya mwanawe kuhusu dunia.

Nilipomrudishia binti yangu kitabu, aliniuliza kama nakumbuka mafunzo niliyompa mimi alipotimiza miaka 12. Nikamwambia anikumbushe yeye.

"Uliniambia nisipande bodaboda ya mtu nisiyemjua, na nisipokee chipsi za mtu."

"Basi?"

"Basi. Kwa nini, hukusema."

Nikazima jiko, nikamvutia kigoda.