Tathmini ya miwani ya kuku ya kuzuia kunyonyoana manyoya

Miwani ya kuku ni kipande kidogo cha plastiki kinachokaa juu ya mdomo na kubanwa kwenye matundu ya pua, kikiziba upeo wa mbele wa macho. Kuku aliyevishwa huendelea kuona pembeni na chini, kwa hiyo anakula na kunywa, ila hawezi kulenga nyoya la mwenzake aliye mbele yake. Kwa kazi hiyo naisifu bila kusita: mtetea wangu aliyezoea kunyonyoa wenzake aliacha baada ya kuvishwa, na migongo iliyokuwa wazi ikaanza kuchipua vinyoya vipya, ambavyo kwa kuwa vina damu ndani ndivyo huvutia zaidi midomo ya wengine.

Nisichokubaliana nacho ni maelezo ya pakiti, yanayodai kwamba miwani hukomesha ugomvi. Kunyonyoana si ugomvi. Katika miaka ya 1920 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza jinsi kuku wanavyopangana kwa vyeo, kila mmoja akimjua wa kumdonoa na wa kumpisha. Madonoo ya aina hiyo hulenga kichwa na kishungi, na humalizika mara mnyonge anapojitenga. Mnyonyoaji huja kimya kimya, hung'oa nyoya mgongoni au kwenye shina la mkia, na mara nyingi hulimeza, huku anayenyonyolewa wakati mwingine akiwa ametulia tu. Tabia hiyo huchipuka katika hamu ya kutafuta chakula: kuku ameumbwa kuparua na kudonoa ardhi kwa sehemu kubwa ya siku, na akikosa cha kuparua huigeukia migongo ya wenzake. Msongamano, mwanga mkali, utitiri na chakula chenye upungufu wa protini, hasa kijenzi chake kiitwacho methionini, huzidisha tatizo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua chochote, mfugaji aangalie jeraha liko wapi: la kichwani ni la ugomvi, la mgongoni au kwenye shina la mkia ni la kunyonyoana.

Uvishaji unahitaji watu wawili, mmoja amshike kuku na mwingine atanue miwani kwa koleo maalumu, na ni lazima ukubwa ulingane na umri wa kuku, la sivyo itadondoka au itabana pua. Ipo pia aina yenye pini inayotoboa ukuta wa pua. Hiyo Uingereza imeipiga marufuku, nami naona ni ukatili usio na sababu. Vyombo vya chakula viwe na kina cha kutosha, na waya wa banda ukaguliwe, maana miwani hunasa.

Ninaipendekeza kwa dharura, pale damu inapoonekana, na ivaliwe wakati mfugaji anaongeza nafasi, anamwaga maranda makavu, anatundika mafungu ya majani mabichi na kubadilisha chakula cha vidonge (pellet) kwa cha unga, ambacho kuku hutumia muda mrefu zaidi kukila. Bila marekebisho hayo, mnyonyoaji atarudia kazi yake siku atakayovuliwa.