Kifaa cha setilaiti cha kuombea msaada majini: kipi kinunuliwe kwanza

Sisi waongoza watalii wa Arusha na Moshi tumezoea redio za mlimani na porini, lakini mgeni akitaka kwenda Mahale, hifadhi iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako hakuna barabara na hufikiwa kwa boti au ndege ndogo, tunahitaji chombo kisichotegemea mnara wa simu.

Nafasi ya kwanza naipa kifaa cha kutuma na kupokea ujumbe kinachotumia setilaiti za mtandao wa mawasiliano wa Iridium, kama Garmin inReach. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na mara nyingi atakayekufikia mapema ni boti ya kijiji jirani. Kwa hiyo ni lazima uweze kueleza kama injini imezimika au mtu anavuja damu, ili ofisi yako ya Arusha impigie nahodha aliyeko Kigoma. Vilevile kifaa hiki hutuma mahali ulipo kila baada ya muda uliouchagua, jambo linaloniridhisha kuliko kitufe chenyewe cha dharura, kwa sababu ofisi huona boti imesimama hata kabla hamjaomba msaada. Gharama yake ni ada ya huduma na kuchaji betri. Nilipokijaribu nyumbani Moshi, ujumbe ulikwama chini ya mabati; nilipotoka uani, mbali na mparachichi, uliondoka. Kifungwe mahali panapoona anga, kamwe kisiwekwe ndani ya begi.

Cha pili ni PLB, yaani kifaa kidogo cha mtu binafsi cha kutuma ishara ya dharura, inayofungwa kwenye jaketi okozi. Haina ada, hutuma ishara ya 406 MHz kwa Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa setilaiti za utafutaji na uokoaji, kwa saa 24 au zaidi, lakini haikuruhusu kueleza shida yako. Isajiliwe katika nchi ambayo namba yake imepangiwa, la sivyo waokoaji hawatajua wamtafute nani.

EPIRB, yaani kifaa cha ishara ya dharura cha chombo cha majini, ni ya tatu kwa ziwani tu. Kwa boti inayovuka bahari kwenda Mafia au Pemba naiweka ya kwanza, kwani huelea na hutuma ishara kwa saa 48.

Kifaa cha zamani kinachotuma ishara ya 121.5 MHz pekee usikinunue hata kwa bei ya kutupa: setilaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Na kwa PLB au EPIRB iliyotumika, soma tarehe ya mwisho ya betri iliyoandikwa ubavuni kabla hujatoa fedha. Mimi niliuziwa moja ambayo tarehe hiyo ilikuwa imepita miaka miwili.